Matusi ya Kunizikia

Shelui, 6 Februari 2023

Binamu Selina,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kando ya lami. Mimi ni mzima wa kukaa, si wa kutembea. Felista, binti yangu anayenitunza, anakusalimu. Wewe na mifugo mmeamkaje? Alizeti zimetoa maua?

Daktari ameusikiliza moyo wangu akasema umechoka. Sikushtuka. Kutwa nakaa dirishani natazama malori ya Nzega, nasinzia, na nikizinduka naona msitu wa Mgori umesogea hadi ng'ambo ya barabara, na shangazi, mama yako, anatoka humo na kuni kichwani bila kuniona. Nimefundisha shule za mikoa mingi, nimekaa ugenini hadi ugeni umenizoea, lakini usingizi wangu haukupata uhamisho. Bado uko huko.

Nina ombi. Mimi ni mtoto wa mjomba wako, wewe ni mtoto wa shangazi yangu. Sisi ni watani tangu tumboni. Siku yangu ikifika, nani atazuia jeneza njiani na kunitukana hadi waombolezaji wacheke, kama desturi yetu inavyotaka? Watani wangu wengine wametangulia. Umebaki wewe, na wewe hujacheka tangu tumzike mumeo Calist. Mtu asiyepata mtani huzikwa kama mpita njia. Mimi kupita njia nimechoka.

Kwa hiyo nimefungua kitabu changu cha zamani cha hadithi za kuchekesha, kile ambacho jalada lake liliisha kabla Felista hajazaliwa. Simu zetu hazisikilizani, basi Derick, kondakta wa basi, atakuletea hadithi moja moja. Soma, uniambie kama umecheka. Usinidanganye.

Binamu na mtani wako,
Isaka

Mgori, 27 Februari 2023

Binamu,

Shikamoo. Ona nilipofika: mtani ananiandikia, nami namwamkia kama paroko. Mimi sijambo, magoti tu. Alizeti zimechanua, ndege wanazisubiri kuliko mimi.

Nimeisoma hadithi yako mara mbili. Tajiri anaogopa wezi, ananunua mbwa mkali. Kisha anaogopa mbwa ataibiwa, anakesha yeye akimlinda mbwa, na mbwa analala. Sikucheka. Nilijiuliza mke wake yuko wapi, maana mwandishi hamtaji. Mwanamke angemtoa nje mbwa, na tajiri amfuate. Halafu nikamwonea huruma. Calist alipougua nilikaa macho nikimlinda, naye alikuwa akilala vizuri kabisa. Hadithi hii ni ya huzuni, mtu amekosea akaichanganya na za kuchekesha.

Kuhusu ombi lako, siwezi. Mtani asiyecheka akitukana, hayo ni matusi ya kweli. Tafuta mwingine.

Binamu yako,
Selina

Shelui, 21 Machi 2023

Binamu Selina,

Natumaini barua hii inakukuta na magoti yenye nafuu. Mimi naendelea, dirisha nalo linaendelea. Mwingine hayupo, nilishakwambia.

Nakutumia ya pili. Wazee wawili wanacheza drafti. Mmoja anaona akisogeza kete atashindwa, basi hasogezi. Wanakwenda kulala, asubuhi wanarudi kuukalia ubao, hasogezi. Masika yanapita, watoto wanaoa, watu wanajifunza kuuzunguka ubao ule kama kisiki. Mwenzake anamngoja tu, anavuta tumbaku.

Nilipoisoma nikiwa kijana nilicheka hadi nikapaliwa. Nilimcheka yule mbishi. Sasa nikiisoma sicheki sana, ila nasikia utulivu, kama mtu aliyeona moshi wa kwao kwa mbali jioni. Sijui ni hadithi iliyobadilika au ni mimi. Wewe unasemaje?

Mtani wako,
Isaka

Mgori, 16 Aprili 2023

Binamu Isaka,

Habari za moyo? Huku mvua inamalizia, tunamshukuru Mungu.

Mimi nasema nyote mmeisoma vibaya, wewe wa ujana na wewe wa sasa. Yule mzee si mbishi. Mchezo ukiisha, mwenzake atajikung'uta na kwenda zake. Anamzuia. Hana namna nyingine ya kumwambia kaa. Nilipolifahamu hilo nilitabasamu, upande mmoja tu, ule usio na meno. Usijipe matumaini, kutabasamu si kucheka.

Nami nakuuliza: ungekuwa wewe, ungesogeza kete?

Binamu yako,
Selina

Mgori, 18 Juni 2023

Binamu Isaka,

Hujambo huko? Sijapata jibu. Derick anasema kila akipita anaona dirisha lako limefungwa. Tunavuna, kwa hiyo siwezi kutoka. Niandikie hata mstari.

Selina

Mgori, 13 Agosti 2023

Mtani,

Nasikia unaendelea vizuri kidogo, ndiyo maana nathubutu kukuandikia haya. Kaa vizuri kwanza.

Ijumaa ya juzi Derick alisimamisha basi hapa akaniambia, "Bibi, pole. Mzee Isaka wa Shelui anazikwa leo mchana." Nilichukua kitenge changu kipya nikapanda. Njia nzima nilikuwa natafuta matusi yako kama mtu anayepapasa ufunguo gizani.

Niliposhuka nilifuata vilio, nikakuta jeneza linatoka nyumbani. Mtani hasalimii, nawe unajua, basi sikumwamkia mtu. Nilijilaza njiani mbele ya wabebaji. Nikasema, "Isaka, umelala kama ulivyolala zamu ya kulinda mtama, ndege wakala hadi kofia yako. Unakwenda wapi na suti ya kuazima? Huko wavivu hawapokelewi. Na nyie mliombeba, hapiti mtu hapa mpaka nipewe kuku."

Wabebaji wakasimama. Mjane alianza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka. "Ni kweli," akasema, "hata mtama wangu aliwaachia ndege." Basi wote wakaangua kicheko, nikaletewa jogoo, nikainuka, jeneza likapita.

Mimi mwenyewe nilikuwa bado mkavu. Tulipokuwa tukitembea ndipo nikajiuliza, huyu mjane ni nani? Mkeo nilimsindikiza kaburini mwenyewe. Makaburini mchungaji akasoma historia: marehemu Isaka alizaliwa Kiomboi, alikuwa fundi baiskeli, hodari wa kwaya. Mimi nimesimama mbele kabisa na jogoo kwapani.

Nilitaka kukimbia. Mjane akanishika mkono. "Mtani, umetoka wapi? Tulidhani watani wake wameisha wote." Nikasema nimetoka Mgori. Akasema, "Asante kwa kumfuata." Hakuuliza zaidi, nami sikumwambia.

Jirani mmoja akanieleza kuwa Isaka mwalimu yuko hospitali mjini Singida. Nikapitia huko nikirudi. Ulikuwa umelala mdomo wazi, kama ulivyokuwa utotoni. Nikakaa karibu nawe na kikapu changu. Jogoo akatoa kichwa akawika, wodi nzima ikageuka, wewe hata kope hukusogeza.

Hapo ndipo nilipocheka, Isaka. Nesi alikuja kuuliza, "Bibi, unalia?" Nikazidi kucheka. Akatutoa nje, mimi na jogoo.

Selina wako

Shelui, 4 Septemba 2023

Mtani Selina,

Salamu. Nimerudi dirishani. Barua yako nimesomewa na Felista, na ikabidi aache katikati, akidhani moyo umenigeukia. Nilikuwa nacheka.

Jogoo nilimsikia. Nilidhani ni wa shangazi. Nilikuwa Mgori ile ya kabla hatujahamishiwa vijiji vya ujamaa, asubuhi yenye ukungu, moshi umelala juu ya paa la udongo la tembe, na nje ya ukuta kuna mtu anacheka. Nilitaka kuinuka nimwone ni nani. Nikaona afadhali nisiinuke, asije akaacha.

Sasa nina malalamiko. Umemzika fundi baiskeli kwa matusi yangu. Lile la ndege na kofia ni langu tangu utotoni, nimelitunza miaka yote hii ugenini. Mimi utanizika na nini? Tunga mengine, uniandikie niyasikie kama yanafaa.

Mtani wako,
Isaka

Mgori, 1 Oktoba 2023

Mtani,

Sikuamkii. Mimi mzima, jogoo tulimla, alikuwa mgumu.

Unataka nikuandikie matusi yako. Siandiki. Ninayo, mapya kabisa. Juzi nikipepeta mtama moja lilinijia, nikaweka ungo chini nikacheka peke yangu, majirani wakachungulia. Hayo ni yako, hakuna fundi baiskeli atakayeyapata. Utayasikia siku nimejilaza njiani mbele yako, si kabla.

Lakini usifanye haraka. Mengine hayajakomaa, na kila wiki naongeza.

Mtani wako,
Selina