Ufunguo Uliolala Kanzuni

Kuze, Mji wa Kale,
Mombasa.

Dada yangu Bi Mize,

Assalaam alaykum. Shikamoo ya simu umeikataa, maana napiga hupokei, basi pokea hii ya wino. Barua huwezi kuikata katikati. Miguu imepungua kuvimba? Na yule jogoo wako anayewika saa nane mchana yu hai, au mmeshamla? Mie mzima. Nimebakiwa na meno mawili yanayoonana, na kwa mkate wa mofa uliochovywa chai yananitosha. Riziki, mwanangu, najua wewe ndiye utakayemsomea mamako. Soma yote kama yalivyo, wala usiruke pale atakapotajwa vibaya.

Dada, maneno yako nimeletewa na yule bwana wa mafuta ya nazi aliyekuja kununua masufuria huku. Kasimama kizingitini, kukaa hataki, akanambia: "Bi Mize kasikia umekuwa mganga wa mpira. Kasema mlango wake usiubishe mpaka uache uchawi." Nikamkaribisha kahawa, akasema ana haraka. Mpemba anapoogopa kahawa ya Mpemba mwenzake, ujue jambo limeshakuwa kubwa.

Basi nakueleza. Lakini siwezi kukueleza bila kuanza na Mbrazili, maana bila yeye habari hii haina kichwa wala miguu. Hasa miguu.

Anaitwa Tino. Kazaliwa mji mdogo ndani ndani huko Brazil, babake akifyatua matofali. Mpira kauanzia kiwanja cha udongo mwekundu, akachukuliwa na timu ndogo, kisha timu ndogo nyingine, kisha akapelekwa Ureno daraja la pili, kisha Kupro, kisha Uarabuni, na kila alikokwenda alitia saini karatasi asiyoielewa. Kupro alikaa benchi miaka mitatu kwa sababu karatasi ilisema hatoki mpaka wenyewe wapende. Mwisho, umri umekwenda na hakuna anayemtaka, wakala mmoja akamwambia kuna mji una bahari na timu inayotafuta Mbrazili. Mji ndio huu, na timu ndiyo hii yetu, ninayoifulia jezi na kuishikia funguo tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi.

Siku aliyofika, watu walijaa mpaka juu ya mapaa. Mbrazili. Wakingoja chenga. Mechi ya kwanza, mpira ukamjia, akautazama, akaupiga nje. Ukamjia tena, akaupiga nje tena, mbali zaidi. Beki wa kushoto, dada. Safari yote ile, Mungu katuletea Mbrazili fundi wa kutoa mpira nje. Mzee mmoja pembeni yangu akauliza, "Huyu kweli wa Brazil, au wa Bura ya hapa kwetu?" Lakini upande ule wa kushoto hakupita mtu msimu mzima. Watu hawalioni hilo, watu wanataka kucheka.

Kiswahili kakipata upesi, kwa sababu nusu ya maneno ya nyumbani, yale Wareno waliyotuachia, aliyakuta yanamngoja. Meza, leso, bendera, gereza, karata. Alikuwa akikaa barazani kwangu akinyoosha kidole, "Hili letu, hili letu." Nikamwambia, "Na ile ngome pale pia yenu, njoo uichukue, paa linavuja."

Sasa nakuja kwenye uchawi wangu, dada. Kaa vizuri.

Miaka kabla ya Tino kuja, siku ya mechi, nilifika uwanjani, kule upande wa Tononoka, nikatia mkono mfukoni, ufunguo wa chumba cha wachezaji hamna. Wachezaji wamesimama nyuma yangu na mabegi. Ningesema nimeupoteza, nahodha angenifukuza pale pale, maana mwezi ule nilikuwa nimeshapoteza na pampu. Nikajikuta naweka kiganja juu ya mlango, nafumba macho, nasema polepole: "Leo msipite hapa. Mlango huu umechezewa."

Basi. Maneno machache tu. Wakavua nguo chini ya muarubaini, wakaruka ukuta wa nyuma mmoja mmoja, maana njia ya kuingia kiwanjani ni chumbani mle, wakashinda manne kwa bila.

Jioni narudi nyumbani, dobi kaleta kanzu yangu ya Ijumaa, na ndani ya mfuko, safi kabisa, umepigwa pasi pamoja na kanzu, ufunguo.

Nilitaka kusema wiki ya pili. Wallahi nilitaka. Nilifika na ufunguo mkononi, nahodha akaniwahi: "Mzee, hakuna kupita mlangoni. Ukuta." Wakashinda tena. Baada ya hapo ningesema nini? Na kisa chenyewe unakijua: ukiwa Mpemba huku Mombasa, ukipiga chafya watu wanauliza umemroga nani. Wakaanza kuniita Mzee Mlango. Wakaniuliza kabla ya kila mechi, "Vipi, mzee?" nami nautazama ule mlango kwa jicho moja, nasema, "Bado." Hiyo "bado" ndiyo dua yangu yote. Sikuchinja, sikuchoma, sikuzika kitu. Kuku wa mlinzi wakaingia kwa dirisha, wakahamia chumbani, wakazaa na kujukuu.

Tino alipoambiwa aruke ukuta hakubisha. Kwao nako, anasema, kuna anayebusu nguzo na kuna anayeingia kwa mguu wa kulia. Alipiga ishara ya msalaba, akaruka, msimu mzima, na umri wake ule. Msimu wa pili, siku moja, alitua vibaya. Nilikuwa nimeshika begi lake. Nilisikia goti, dada. Kama mtu kavunja muwa.

Hapo ndipo mpira wake ulipokwisha. Si uwanjani. Ukutani.

Alilala hospitali, na mie kila siku nampelekea uji wa mtama. Watu wakasema, tazama Mzee Faki alivyo na huruma. Huruma gani. Nesi mmoja wa Taita akawa anatucheka sote wawili, mie na uji wangu, yeye na Kiswahili chake cha meza na leso. Yule nesi sasa ndiye mkewe.

Ukubwa wake aliupatia pale pale kitandani. Siku moja katibu wetu kaja kumwangalia, kwapani kashika karatasi za klabu moja ya Uarabuni iliyomtaka mshambuliaji wetu. Katibu anataka kutia saini upesi aende akasali. Tino akamwambia, "Lete nione." Akasoma, kalala chali, mguu umening'inizwa juu. Kisha akasema, "Ukurasa wa nne. Huu nishawahi kuutia saini mimi." Kumbe pale imeandikwa kijana akiumia, mkataba umekufa na kurudi kwao ajitegemee. Wakaandikiana barua wiki mbili, mstari ule ukafutwa. Tangu siku hiyo katibu hakutia saini hata risiti ya maziwa bila Tino. Akawa msaidizi wa katibu, kisha katibu, na sasa ni mkurugenzi wa soka, ana meza yake na feni juu ya duka la vipuri. Nchi zote zile zilizomdanganya zilimsomesha bure, na hapa ndipo anapotumia elimu yake. Anasoma mikataba kama wewe unavyosoma Yasini, kwa kidole. Barazani wananung'unika kwamba walitaka chenga, wakaletewa karatasi. Lakini timu haijadanganywa tena na mtu.

Isipokuwa mie.

Sasa mwaka huu wakubwa wa ligi wameleta barua. Timu yoyote isiyopita mlangoni na kutumia chumba chake haitachezea nyumbani, itapelekwa viwanja vya bara. Na mfadhili wetu, bwana mmoja wa kutoa mizigo kule bandarini Kilindini, akamwambia Tino, uwanja ukiondoka na wewe unaondoka. Tino akawaita wachezaji akawasomea. Wakamsikiliza kwa adabu zote. Jumapili wakaruka ukuta.

Jumatatu ndiyo yule bwana wa mafuta alipoleta maneno yako. Jumanne Tino akaja kwangu. Namsikia ngazini, anapanda kwa mguu mmoja, wa pili anauvuta. Ngazi zangu kumi na saba. Nilizihesabu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mkurugenzi kaja mwenyewe? Au nimepoteza pampu tena?"

Akakaa. "Nimekuja unifungulie ule mlango. Soma unachosoma, chinja kuku, mwaga maji ya waridi, sitauliza. Wao wakuone tu ukifanya."

Dada, nifikirie. Mmoja kanambia niache uchawi ambao sina, na mwengine kaja kunipigia magoti, lile moja linalokunjika, niufanye. Na kumchinja kuku ni kazi ya dakika tano. Ningetoka pale shujaa.

Nikafungua kasha langu, nikatoa ufunguo, nikauweka mezani mbele yake.

"Huo nini?"

"Ndio huo mlango wote." Nikamwambia. Kanzu, dobi, pampu, muarubaini. Sikupunguza.

Akauchukua. Alikuwa akiugeuza ule ufunguo kama anavyogeuza kurasa, anatafuta ukurasa wa nne. Kisha akasema, "Goti hili limepigwa picha hospitali mbili. Hakuna daktari aliyenitajia dobi."

Akaurudisha ufunguo mezani.

"Ungesema siku ile, mimi leo ningekuwa wapi?"

"Ungecheza mpaka mwisho wa msimu ule," nikasema, "kisha ungekwenda zako. Ulikuwa mzee, Tino. Lakini ungekwenda kwa miguu miwili."

Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kunikataa. Mwisho akasema, "Kuku ingekuwa rahisi zaidi."

"Kuku siwezi. Dada yangu kanikataza."

"Una dada?"

"Ninaye, na namwogopa kuliko wewe na ligi yako."

Hapo alicheka, kidogo tu, kupitia puani.

Jumapili nikasimama mbele ya wachezaji, chini ya ule muarubaini, nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe. Walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha kipa wetu, Kazungu, jitu refu la Kaloleni, akasema, "Mzee, wewe Mpemba. Mpemba akisema hana dawa, hiyo ndiyo dawa yenyewe." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akasema, "Anatupima huyu." Wakaanza kurusha mabegi juu ya ukuta.

Unaona adhabu, dada? Nimesema uongo siku moja wakaniamini miaka. Nimesema kweli, wananicheka.

Nikamwita, "Kazungu. Mlango ule umemvunja nani?"

Akafikiri. "Hajavunjwa mtu. Hatujaupita."

"Na ukuta?"

Akageuka. Tino alikuwa kasimama kando, na koti lake la ofisini, uzito wote kauweka mguu mmoja. Kazungu alimtazama, akautazama ukuta, akamtazama tena. Wengine wakaacha kucheka. Alikwenda kulichukua begi lake taratibu, akasema bila kumwangalia mtu, "Nani atawatoa hao kuku?"

Tino keshabadilisha kitasa siku mbili kabla, hata hakuniambia. Akafungua yeye, akaingia wa kwanza, na mguu mbovu ndio aliotanguliza. Wakamfuata. Kuku walitoka kama wageni waliofukuzwa harusini.

Tulitoka sare, bila kwa bila. Hakuna aliyejua amlaumu nani wala amsifu nani, na nadhani ndivyo inavyotakiwa.

Asubuhi yake akaniita ofisini, akazima feni ili tusikilizane. "Mzee Faki," akasema, "kwa goti nimekusamehe. Nina mke, nina kazi, sitaki kulifungua tena jambo hilo. Lakini mshika funguo aliyeficha ufunguo miaka yote hii, nchi zote nilizocheza, huyo anaachishwa. Nikikuacha wewe, yeyote nitakayemwachisha kesho atanitajia jina lako." Nikamwambia ni sawa, mie mwenyewe ningefanya hivyo, na mapema zaidi. Akaniandikia barua ya kuniaga, ukurasa mmoja. Nilimuuliza wa nne uko wapi. Kisha akafungua mtoto wa meza akanipa jezi yake namba tatu, ile aliyovaa siku ya ukuta. Nimeifua mie, ile, mara ngapi sijui. Sikuwahi kuona kwamba mabega yake ni mapana hivyo.

Ndiyo hali, dada. Kazi sina, chumba nimeshaaga, na mji umenitosha. Nisalimie shemeji Hamad mchuma karafuu, mwambie nimebaki mzuri kuliko yeye. Nisalimie Bi Asha mkunga, aliyetuzalisha nusu ya ukoo na kutukemea wote. Mwalimu Makame wa chuoni, kama bado ana ile bakora. Na mkweo muuza samaki, ambaye simjui lakini nasikia ana subira, na kwa mwenye mkwe kama wewe ataihitaji.

Ndani ya bahasha utaukuta ufunguo umefungwa kwa kitambaa. Hapa haufungui tena kitu. Uushike, uunuse, umpe mwalimu Makame ausomee akipenda. Huo ndio uganga wangu wote, sikubakisha mwengine.

Nakuja mwisho wa mwezi kwa njia ya Tanga. Nitabisha hodi mara tatu. Ukinyamaza nitakaa nje ningoje, na jogoo atanipa habari za nyumbani. Ukuta wako siuruki, dada. Magoti yangu nayahitaji.

Nduguyo uliyembeba mgongoni,
Faki, aliyekuwa mshika funguo.