Kaseti Chini ya Meza

Migwani, Jumamosi

Sindano ya santuri ilivunjika asubuhi, kabla wageni wa harusi hawajafika. Nikaficha redio kaseti chini ya meza, nikajifanya nashughulika na santuri. Hapa kwetu anayepiga kaseti haitwi DJ, anaitwa mwenye redio tu. Niliogopa kuchekwa.

Nyanya ya bibi harusi akaja kuomba wimbo, akainama kuangalia. "Mbona sahani haizunguki, mwanangu?"

Nikamwambia ukweli, jasho linanitoka.

Akacheka. "Nimecheza tangu saa nane na miguu haijauliza. Rudia ule wa kwanza."

Sindano nyingine sijui nitaipata wapi. Lakini asante Mungu kwa yule mama. Niliitoa redio nikaiweka juu ya meza, na watu wakaendelea kucheza.