Mama wa Dirishani

Gujranwala, 12 Februari

Mdogo wangu Adeel,

Asalaam aleikum. Karachi wanakulisha, au bado unaishi kwa chai na biskuti? Sisi wazima, ila goti la Baba linamsumbua kwa baridi hii.

Nikuchekeshe. Baba amekuwa mcheza gemu! Ile gemu yako ya vichochoro haimtoki mkononi, na kila siku anapotea palepale, lango la wachuna ngozi. Nikamwambia, "Baba, kata kushoto, hata watoto wameshapita hapo!" Akaninyamazisha. Mara dirisha la pale langoni likafunguka, Mama huyo: "Puttar, si huko. Rudi nyuma, pita kwa muoka mikate." Mzee akacheka: "Mke wangu ananiita mwanangu!"

Anapotea makusudi, Adeel. Tangu tumzike Mama sijamwona akicheka hivyo. Ulifanya vyema kumrekodi sauti ya gemu pale jikoni kabla hajaugua.

Dada yako,
Rukhsana

Karachi, 25 Februari

Dada mpendwa,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, tena nanenepa. Mpe Baba pole ya goti.

Nina habari kubwa: kampuni moja imeinunua gemu yangu na mimi nimepewa kuongoza kikosi. Mama atasikika hadi Dubai! Toleo jipya likija kwenye simu, Baba abonyeze tu "Kubali".

Mdogo wako,
Adeel

Gujranwala, 3 Aprili

Adeel,

Salaam. Tu wazima, kama unataka kujua.

Baba alikubali toleo lako. Akapotea langoni kama kawaida, dirisha likafunguka, na Mama akasema, "Beta, njia nitakuonyesha kwa almasi kumi. Nunua sasa." Baba akaniuliza, "Huyu mwanamke ni nani?"

Mama hakuwahi kumwita mtu beta. Hilo "mwanangu" la Kiurdu aliwaachia walimu na madaktari. Kwake sote tulikuwa puttar, kwa Kipunjabi chetu cha nyumbani, hata muuza maziwa. Na hizo almasi alizirekodi lini, kaburini? Mmemfanya mama yangu mchuuzi. Nani kamwandikia maneno hayo? Turudishie sauti yake.

Dada yako,
Rukhsana

Karachi, 30 Aprili

Dada,

Salaam. Natumaini goti la Baba limepoa. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Maneno niliyaandika mimi. Kompyuta ilifundishwa sauti ya Mama, ikayasema. Wakubwa walisema puttar ni la kishamba, nikaona ni neno moja tu, la nini kugombana. Sauti za zamani niliziuza pamoja na gemu. Wamezifuta, nami sikubaki na nakala. Nimewaomba mpaka wamenichoka.

Lakini toleo lingine linakuja. Nitaifanya iseme puttar. Baba hatatambua.

Mdogo wako,
Adeel

Gujranwala, 9 Mei

Adeel,

Salaam. Goti limepoa.

Usihangaike na hiyo puttar yako. Juzi Baba alifika langoni, dirisha likaanza kufunguka, hakungoja. Alikata kushoto akaenda moja kwa moja hadi mwisho wa gemu. Njia yote alikuwa anaijua. Kisha akanipa simu, akasema, "Ifute." Nimeifuta.

Jana ulipopiga, alikuwa ameketi hapohapo karibu na simu. Nilimwambia, "Pokea, Baba, ni Adeel."

Akasema, "Nitajuaje?"

Rukhsana