Chiriku Afike Mwenyewe

Nyumba ya mlango wa buluu,
Nyuma ya fundi cherehani.
Jumatatu asubuhi, baada ya chai.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu tele zikufikie huko uliko, wewe, shemeji na watoto. Hamjambo? Baridi ya huko imekuachia pua au imeshaing'oa? Mimi kakako mzima, ila goti la kushoto, na masikio nayo yameanza kufunga duka kama ya marehemu dada yetu. Nakula, nalala, naamka. Ukiniuliza najisikiaje, nitakwambia hivi. Nimekuwa kama mguu uliokufa ganzi: najua ni wangu, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Mwandiko nisamehe. Shule niliiona kwa nje tu, tena nilikuwa nimepita kuiba mapera.

Kwenye simu umeniuliza mara nyingi kama kile kifaa cha sikioni kilimfikia dada Chiriku kabla hajatutoka. Kila ukiuliza, mimi najifanya simu inakatakata. Haikuwa inakatakata. Ndiyo maana naandika. Unanijua, habari ya panya mimi huifikisha ikiwa imeshakuwa tembo. Leo nakuletea panya kama alivyo.

Hakikumfikia.

Ile huduma ya uhakika ya vifurushi uliyolipia, kwamba kitakuwa mkononi mwake kabla ya Ijumaa, basi Ijumaa ilipita, na Ijumaa ya pili nayo ikaifuata. Nikapiga simu ya huduma kwa wateja. Wakanipigia muziki. Mzuri kweli, nikatingisha bega kidogo. Muziki ukaisha, simu nayo ikakata. Nikapiga tena, wakanipigia uleule. Sasa nimeukariri, nikija kwako nitauimba.

Halafu mtu wa vifurushi akaja na pikipiki yake. Boksi lako kalikumbatia. Chiriku mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, kajifunga leso, meno yote nje. Maana alilijua lile boksi, siku zote alikuwa akisema, "Mdogo wangu ananiletea sauti yake." Mtu wa vifurushi akaomba kitambulisho. Akasoma, akatazama boksi, akasoma tena. Kwenye boksi wewe uliandika Chiriku. Kwenye kitambulisho kuna lile jina la serikali, ambalo hata mimi nililisoma kama la mgeni.

"Mama, jina halifanani," akasema yule mtu.

"Eh?"

Nikamsaidia, nikapaza sauti: "Jina, dada! Jina!"

"Jino? Yamebaki manne, na hayaumi!"

Tukacheka wote, na mtu wa vifurushi naye akacheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kucheka akapanda pikipiki, akaondoka na boksi. Chiriku akampungia mkono, akamshukuru. Kisha akanigeukia: "Mbona kaenda nalo?"

Basi ujue angalau hilo. Aliliona.

Nikaenda ofisini kwao na kitambulisho chake, maana yeye kifua kilishaanza kumbana. Pale kaunta kuna binti mmoja mwenye miwani, mpole, lakini sheria kaimeza nzima kama kidonge.

"Mzee wangu, Chiriku ni nani?"

"Dada yangu."

"Hapa kuna jina jingine."

"Hilo la kupigia kura. Chiriku ndilo la kuitikia."

"Vifurushi vya uhakika lazima apokee mwenye jina. Chiriku afike mwenyewe."

"Chiriku ni ndege, binti. Subiri nipige mluzi, atatua hapo dirishani."

Foleni yote ikaangua kicheko. Binti naye akatabasamu. Ila boksi lilibaki rafuni, naliona kabisa, na mwandiko wako unanitazama. Akaniambia nilete barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba Chiriku na yule wa kitambulisho ni mtu mmoja. Mwenyekiti alikuwa safarini.

Nyumbani nikamhadithia dada kwa mikono na kwa kelele jinsi nilivyopiga meza, ofisi nzima ikasimama, meneja akanimiminia soda kwa mikono yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kitandani pale, akasema, "Muongo mkubwa wewe. Boksi liko wapi?"

Baada ya hapo hakusema tena la maana. Usiku mmoja tu, akaondoka.

Mwenyekiti aliporudi alikuja moja kwa moja msibani, na muhuri mfukoni. Akagonga barua mbele ya wafiwa. Nikarudi nayo ofisini siku nyingine. Binti akaisoma, akauliza kwa mazoea, "Yeye mwenyewe hakuweza kufika?" Nikamwambia, hapana, hakuweza. Sijui aliona nini usoni kwangu. Akavua miwani, akaniletea boksi kwa mikono miwili. Akaniuliza kama nataka kuandika lalamiko. Nilikuwa nimejiandaa tangu nyumbani, matusi nimeyapanga kwa ukubwa. Hayakuja. Nikamwambia siku njema.

Jioni simu ya marehemu ikalia. Ujumbe: "Mpendwa Chiriku, kifurushi chako kimefika. Je, umeridhika na huduma yetu?" Nikaizima.

Nawe usijitafune kwa ajili ya jina. Ungeandika lile la serikali, yule mtu angesimama mlangoni aliite mpaka jua lizame, na dada asingeitika. Angemwelekeza nyumba ya pili.

Kifaa chako nimekifungua. Nimekivaa mimi, sikio la kulia. Nikasikia cherehani ya jirani. Nikasikia bomba la jikoni linadondosha, kumbe lilikuwa linavuja miaka yote na kelele za Chiriku zikalifunika nisilisikie. Nikasikia ndala zangu mwenyewe. Nikakaa kwenye kiti chake, nikasubiri. Nyumba ilikuwa na jozi moja tu ya ndala.

Sijakivua. Jumapili nipigie, mdogo wangu, wala usipaze sauti kama zamani. Sema taratibu tu. Ile sauti uliyomtumia, nitampokelea mimi.

Nisalimie shemeji, wanangu wote, na yule mama mkwe wako anayenidai hadithi ya mamba. Fundi cherehani anakusalimu, na mwenyekiti pia. Mungu akufunike huko, akupe umri mrefu na masikio mazima.

Ni mimi kakako, muongo wako akupendaye,

Mzee wa Mlango wa Buluu