Hudi Vaa

Mjukuu wangu Mwakio,

Huko kwenye baridi mnaendeleaje? Huku Kaloleni tu wazima. Usicheke nikikuita mjukuu na bado nanyonyesha. Nyanya yako ni dada yangu mkubwa, basi mimi pia ni nyanya.

Umeniuliza kama uache kuvaa hudi, hilo sweta lenye kofia, kwa sababu huko Amerika mlinzi wa duka anakufuata wewe mweusi na kuwaacha wenzako wazungu.

Nikiwa darasa la saba, askari wa shamba la mkonge alinishika na mzigo wa kuni akaniita mwizi. Mama akaja, akamuuliza askari:

"Umemsalimia?"

"Mama, huyu ni mwizi."

"Kwetu hata mgeni husalimiwa kwanza. Msalimie mtoto wangu, halafu useme ameiba nini."

Watu walishaanza kusimama. Askari akanisalimia, na lile neno mwizi likamshinda kurudia.

Hudi vaa. Polisi wakikusimamisha, mikono iweke waione, maana nakutaka hai. Lakini usiombe msamaha kwa ngozi uliyozaliwa nayo. Huyu Wakesho wangu akikua atakuja huko, na nataka akute mmeshawazoesha hao walinzi kusalimia.

Nyanya yako mdogo,
Mama Wakesho