Nenosiri la Mzee Bakari

Tingi, Jumanne

Kicheko cha Mzee Bakari bado kimo masikioni mwangu. Mimi ndiye mtunza kompyuta wa ushirika, na nilimweleza katibu wetu huyo kwamba makarani wote wakiingia kwenye seva yetu ya Java, kompyuta inayotunza hesabu za wakulima, kwa nenosiri lake, yeyote anaweza kupunguza kilo za korosho za mkulima, nasi tusijue ni nani.

"Mwanangu, nenosiri ni kama chumvi. Jirani akiomba, utamnyima?"

Ofisi nzima ikacheka. Nami nikatabasamu, kwa heshima tu.

Lakini hesabu ya korosho za mama imo humo. Naogopa kuitwa mchoyo, mwenye kiburi cha chuo. Naogopa zaidi mkulima aje kulalamika kilo zake zimepungua, sisi tubaki kutazamana.

Jioni nimelifunga nenosiri lile. Kila karani sasa ana lake. La Mzee, jipya, nimempelekea mimi mwenyewe nyumbani kwake, nikamwamkia, nikamwambia nilichofanya.