Nesi Aliyeota Ndevu

Buzuruga, Jumamosi asubuhi, siku ya tatu baada ya arobaini yako

Shangazi Paskazia,

Shikamoo. Nimeandika shikamoo, kisha kalamu ikasimama kusubiri marahaba. Basi naendelea bila ruhusa yako.

Habari za hapa ni hizi. Cherehani yako naikanyaga mimi sasa, na bado inanung'unika ikipewa jinzi. Rafu ya vitabu haijaguswa, vyote vimevaa majalada ya vitenge uliyovishonea. Neema, binti wa yule mama muuza sangara, anakuja kila jioni kusoma kwa sauti huku nikishona. Akikosea nasimamisha mguu, kama ulivyonifanyia. Juzi nimesimama mara kumi na moja. Akaniuliza, "Anti, mashine ni mbovu au ni mimi?" Nikamwambia ni wewe.

Lakini nilichotaka kukuandikia ni kuhusu bahasha niliyoikuta Jumatano nikisafisha droo ya chini. Nitafika huko. Unajua napenda mambo yaende kwa mpangilio.

Nilipoletwa kwako nilikuwa na miaka tisa, na Mama alikuwa na miezi miwili kaburini. Sikuwa naongea na mtu. Ulinipa kitabu cha nesi Yusta, kile chenye kitenge cha samaki wa njano, ukasema mtoto wa Kihaya akishindwa kusoma, migomba yote ya ukoo inanyauka. Niliogopa kuua migomba. Nikasoma.

Yusta alikuwa nesi mjane kisiwani, mwenye mtoto mmoja na mdomo mkali. Nilimpenda hadi nikaanza kutembea kama yeye. Ukurasa wa 84 akaanza kukohoa. Nikafunua ukurasa, nikakuta ni wa 51, na mtu anaitwa Lukanda yuko porini anamfuatilia chui, ndevu hadi kifuani.

Nikauliza, "Shangazi, Yusta kapata wapi ndevu?"

Hukuinua hata macho. "Maisha ni magumu, Kemi. Soma."

"Na kurasa zimerudi nyuma."

"Wachapaji nao ni watu, wanachoka. Soma!"

Nikasoma. Na kwa akili yangu nikaelewa: Yusta amepona kikohozi, amechoshwa na wagonjwa, amebadili jina na kuhamia porini. Mtoto wake nilimtafuta kurasa zote, mwisho nikaamua yuko shule ya bweni. Nilikirudia kitabu hicho mara sita. Kila mara chui aliuawa, na kila mara Yusta alikuwa mzima.

Kisha kidato cha pili Mwalimu Kulwa akatuambia kila mtu asimame aeleze mabadiliko ya mhusika mkuu katika kitabu anachokipenda. Nilisimama mimi, ambaye tangu kidato cha kwanza nilikuwa nimesema "nipo" na "ndiyo" tu, nikaeleza jinsi nesi anavyoweza kuota ndevu akichoka na kazi. Darasa lilicheka hadi mkuu wa shule akaja kuchungulia. Mwalimu akasema kwa upole, "Kemilembe, Yusta anakufa." Nikasema hafi. Nikatoa ushahidi vipindi viwili vizima, ukurasa kwa ukurasa. Sikujua kama nina sauti ya kufika ukuta wa nyuma. Tangu siku ile sikunyamaza tena, na hadi namaliza shule niliitwa Ndevu.

Shajara ya siku zile ninayo hapa. Jumanne: "Mwalimu anasema Yusta anakufa. Nimekataa." Jumatano: "Shangazi amekuja shuleni na futi ya kupimia nguo shingoni, ameongea na Mwalimu pembeni." Alhamisi: "Mwalimu amesema matoleo ni mawili na langu ni sahihi. Nimeshinda." Jumatatu: "Mwalimu ana suruali mpya ya kijivu. Imemkaa."

Shangazi! Hata mshono wako niliutambua. Niliandika mambo manne kwenye ukurasa mmoja, na kwa miaka kumi na sita sikuyaunganisha.

Sasa bahasha. Ndani kuna kurasa za 85 hadi 132 za kitabu cha Yusta, zimekatwa kwa mkasi wako, pembe zote sawa. Juu umeandika, "Kemi asisome. Bado."

Nina miaka thelathini na moja. Bado mpaka lini?

Nikazisoma palepale, wateja wakisubiri. Yusta anakufa ukurasa wa 90. Mwanawe amekaa kando ya kitanda, ameshika kikombe cha uji, anaupuliza upoe, hajui kwamba hakuna tena wa kuunywa. Wewe ulikuwepo siku Mama alipokufa. Ulijua mimi nilishika kikombe gani. Nililia, Shangazi, nililia mpaka baba mmoja aliyefuata sare ya mwanawe akasema si lazima iishe leo.

Na nimekasirika kidogo, nisikufiche. Ni kitabu kizuri kuliko ulichonishonea kwa kuunga kurasa za kitabu kingine. Yule mtoto anakua, kurasa arobaini na mbili anakua, nami sikuwepo. Lakini nikisema haki, yule Kemi wa miaka tisa angekifunga palepale kwenye uji, na asingefungua kingine maisha yake yote.

Jana nimekishona upya. Yusta anakufa pale anapotakiwa kufa, na mtoto anakua hadi ukurasa wa 132. Ukurasa unaofuata ni wa 51, na Lukanda yuko palepale na ndevu zake. Nilishika mkasi, nikashindwa. Nimekiacha kinene, kitenge cha samaki imebidi nikiongezee kiraka.

Neema ataanza kukisoma Jumatatu. Lala salama, Shangazi yangu. Nakuahidi rafu haitaondoka hapa, na mguu utasimama kila anapokosea. Na akifika kwa Lukanda akaniuliza huyu mwenye ndevu katokea wapi, sitainua macho. Jibu ninalo.

Wako,
Kemi Ndevu